Kimondo cha Mbozi na breki za Kitonga

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa fizikia kwa madereva wa malori na daladala, waendesha bodaboda na wanafunzi wa sekondari, Mbeya

Ndugu mwenyekiti, maofisa wetu wa usalama barabarani, madereva, makonda, matingo, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu wa kidato cha tatu mliojibanza kule nyuma kana kwamba haya hayawahusu: mugonile. Waliotoka Njombe na Iringa, kamwene. Itifaki imezingatiwa.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie usalama barabarani. Mimi nitazungumzia kuanguka, na msidhani nimeacha mada. Nimefundisha fizikia hadi chaki ikanikinai, na ninachoamini ni hiki: anayeelewa namna kitu kinavyoanguka ameshaelewa robo tatu ya breki. Hiyo robo iliyobaki mnaijua nyinyi kuliko mimi.

Hapa mezani nina chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Moja imejaa, nyingine ina robo tu. Naomba suka mmoja mrefu aje asimame juu ya meza hii. Karibu baba, meza ni imara. Shika moja kila mkono, nyanyua sawasawa, usiachie kwanza. Nani anasema iliyojaa itatangulia kufika chini? Naona mikono mingi, hata ya maofisa. Haya baba, achia.

Mmesikia mshindo mmoja.

Dunia inaivuta chupa iliyojaa kwa kani kubwa zaidi, karibu mara nne ya ile nyingine, na hapo waliosema itatangulia walikuwa na hoja. Lakini chupa hiyo hiyo ni nzito kuianzisha mwendo, nayo kwa mara nne hizo hizo. Kinachoongezwa na uvutano kinafutwa na uzito wenyewe, na zote mbili zinashuka sambamba. Kitu kisichozuiwa na chochote huongeza mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Kwa lugha ya dashibodi, kila sekunde moja ya kuanguka inaongeza kilomita 35 kwa saa. Galileo wa Italia alilipigania jambo hili zaidi ya miaka 400 iliyopita, Newton akaliandikia kanuni zake mwaka 1687, na mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 akasimama mwezini, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo na unyoya wa ndege kwa pamoja. Vikatua pamoja.

Huku kwetu unyoya ungechelewa, kwa sababu tuna hewa. Na tuishukuru sana. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Tone linaloanza safari kilomita 2 juu, kama lisingezuiwa na kitu, lingefika kwenye bati lako likiwa na kasi ya kilomita 700 kwa saa. Sina hakika kama pangekuwa na mtu wa kuishi Rungwe. Hewa inalizuia tone hadi hata lile kubwa linashuka kwa kilomita 30 hivi kwa saa, na sisi tunalala usingizi kwa mlio wake.

Sasa wenye safari za Tunduma mmeshapita njia panda ya kwenda Ndolezi, kwenye Kimondo cha Mbozi. Ambao hamjawahi kuingia pale kukitazama, mnajinyima, maana watu wanapanda ndege kuja kukiona. Ni bonge lenye urefu wa mita 3 hivi, uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16, karibu asilimia 90 ni chuma na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Wapimaji waliliingiza kwenye maandishi yao mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa nalo siku zote. Kitu kinachotoka anga za mbali kuja duniani kinaingia kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, yaani kama kutoka hapa mjini hadi Uyole na kupitiliza, ndani ya sekunde moja. Kisha kinakutana na hewa, na hewa inaanza kukishika breki. Mwendo haupotei bure. Lazima uende mahali. Unakwenda kuwa joto, na joto ni kali kiasi kwamba ngozi ya nje ya chuma kile inayeyuka na kuwaka. Ule mwanga wa kimondo mnaouona usiku ni mwendo unaogeuka joto mbele ya macho yenu.

Nimelileta lile bonge hapa kwa sababu hiyo moja tu. Lori linaloshuka mteremko wa Kitonga, kule Iringa, usiku, ngoma za breki, yale mabakuli ya chuma yanayozunguka na magurudumu, zikiwa zimeiva nyekundu na moshi unatoka magurudumuni, linafanya kitu kile kile. Breki haina uwezo wa kuumeza mwendo ukatoweka. Kazi yake ni kuugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Likikosa pa kwenda, breki imekwisha hata kama ulifunga mpya juzi.

Tufanye hesabu. Wanangu kule nyuma, andikeni, maana hii inakuja kwenye mtihani, na nyinyi madereva iko kwenye maisha.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa sheria kwenye makazi ya watu, lina mwendo ule ule wa kitu kilichoanguka kutoka mita 10. Ni juu ya paa la jengo la ghorofa tatu. Kilomita 80 kwa saa, ukomo wa mabasi na malori makubwa, ni kuanguka kutoka mita 25. Kilomita 100 ni mita 39, karibu 40. Hesabu hii haijali uzito, kwa sababu ile ile ya chupa zetu. Bodaboda na semitrela vikiwa kwenye 80, vyote vimetoka juu mita 25.

Igeuzeni sasa, ndipo utamu ulipo. Kama kilomita 80 kwa saa ni sawa na mita 25 za kimo, basi kila mita 25 unazoshuka mlimani ni sawa na kulisimamisha gari mara moja kutoka 80. Lori lililoegeshwa juu ya mlima, injini imezimwa, dereva anakunywa chai, tayari lina mwendo ndani yake. Umewekwa akiba kwenye kimo. Dereva anayekagua spidomita peke yake anaona nusu ya deni lake.

Chukueni mteremko mkali unaoshuka mita 300 ndani ya kilomita 5. Ukigawa kwa 25, ni kama umesimama kutoka 80 mara 12 mfululizo, bila kupumzika katikati. Lori na mzigo wake tuseme ni tani 50, maana kwenye mizani ya Makambako au Wenda wanakuruhusu hadi 56 ukiwa na ekseli 7. Joto linalozaliwa kwenye mteremko huo lingechemsha zaidi ya mapipa mawili ya maji, yale ya lita 200, kutoka baridi hadi kutokota. Tairi na upepo vinabeba sehemu ndogo tu. Kilichobaki ni chako wewe na breki zako. Ukiwa na ngoma 12 za kilo 50 kila moja, na ukalazimisha joto lote liingie humo, zitapanda karibu nyuzi joto 500.

Na ngoma ikipata joto hufanya nini? Chuma hutanuka. Ngoma inatanuka kwenda nje, inavikimbia vile vipande vinavyoibana kutoka ndani, na vipande vyenyewe vikiiva vinakuwa laini na kuteleza. Unakanyaga, pedali inazama, gari halisikii. Mnasema breki zimekata. Hakuna kilichokatika! Upepo upo kwenye tangi, mabomba ni mazima, na fundi akija kesho yake, kila kitu kikiwa kimepoa, anaweza kukuta breki zinashika vizuri kabisa. Ndiyo maana watu huishia kusema mlima ule una mkosi. Mimi sibishani na imani ya mtu, lakini mkosi wa Kitonga, wa Mlima Nyoka na wa Iwambi una kanuni, na kanuni yenyewe inatoshea kwenye kiganja.

Dereva wa zamani atauliza: mwalimu, kama joto ni lile lile niende taratibu au niende mbio, kuna faida gani ya kushuka polepole? Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Jumla ya joto kweli haibadiliki. Kinachobadilika ni muda. Ukishuka zile kilomita 5 kwa kilomita 40 kwa saa, unatumia dakika saba na nusu, na breki zinalazimika kufanya kazi kwa nguvu za farasi 440 muda wote huo. Nguvu hizo ni sawa na injini nzima ya lori kubwa ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, ila hapa zinabebwa na ngoma za chuma zisizo na rejeta wala feni. Ukishuka kwa 20, unatumia dakika kumi na tano na mzigo unakuwa nusu. Upepo unapata nafasi ya kupoza. Mita zile zile, tani zile zile, lakini ngoma inafika chini ikiwa na joto inaloliweza.

Na si lazima breki zibebe yote. Injini yenyewe ni breki, tena ndiyo yenye rejeta. Ukiwa kwenye gia nzito bila kukanyaga mafuta, magurudumu yanalazimika kuizungusha injini, na injini inakataa. Ukaidi huo unatupa joto kupitia ekzosi na rejeta, mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Kanuni ya wazee ni nzuri: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia, na ukiwa na mzigo mzito teremsha moja zaidi. Lakini gia hiyo inachaguliwa juu, kabla pua ya gari haijainama. Ukishaanza kukimbia, ukaitoa gia ili uingize nyingine, inaweza isiingie, na hapo umebaki huna hiyo wala ile.

Kwa hiyo tuseme ukweli kuhusu frii. Najua mmeshaanza kutazamana. Dereva anatoa gia mlimani, lori linateleza lenyewe, anaamini ameokoa mafuta ya bosi na lita mbili za kwake. Kwenye magari ya siku hizi yenye pampu za umeme, ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta inafunga mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inaachwa peke yake na inabidi inywe ili isizime. Frii inakula mafuta kuliko gia. Umeiuza breki yako kubwa kuliko zote, na hata hiyo bei hukulipwa.

Mkilazimika kutumia breki ya mguu, msiegemee pedali kutoka juu hadi chini. Kanyaga kwa uthabiti mpaka mwendo upungue kama kilomita 10, achia kabisa, ngoma ipumue, kisha rudia. Na tela ambalo breki zake hazishiki, msilidharau kwa sababu eti kichwa cha lori kinacholivuta ni kipya. Joto la tani za tela linahamia kwenye ngoma za kichwa.

Nirudi kwenye tambarare kidogo. Kijana mmoja wa bodaboda pale mlangoni aliniuliza: lori linachelewa kusimama kwa sababu ni zito? Jibu la chupa zetu linasema hapana. Kinacholisimamisha gari mwishoni ni msuguano kati ya tairi na lami, na msuguano huo unakua kadiri uzito unavyokua, kwa hiyo uzito unafutika tena. Ila hapo ni pale breki zinapokuwa na uwezo wa kuishinda tairi. Breki za lori lililojazwa mara nyingi hazina ubavu huo, mpira wa tairi zake ni mgumu zaidi, na breki za upepo zinachelewa: upepo unahitaji kama nusu sekunde kufika ekseli ya nyuma. Nusu sekunde kwenye 80 ni mita 11.

Gari dogo lenye tairi nzuri, lami kavu, kilomita 80 kwa saa. Sekunde moja ya dereva kushtuka na kuhamisha mguu: mita 22 zimeshapita kabla breki haijaguswa. Kisha mita 36 za kusimama. Jumla 58. Ikinyesha, msuguano unashuka karibu nusu, na jumla inakuwa 85. Mvua hiyo hiyo, lakini uko kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kila mita 100, unahitaji mita 101. Mwendo hukuongeza hata kidogo, lakini umbali umekaribia mara mbili. Tairi kipara sizungumzii, trafiki wako hapa. Na ukitoka 50 kwenda 100, umbali wa breki peke yake haupandi mara mbili, unapanda mara nne, kutoka mita 14 hadi 56. Kumbukeni kimo: mita 10 na mita 40.

Kwa akina mama wanaopakata watoto kwenye kosta na Noah. Gari lililo kwenye 50 likigonga kitu kigumu, pua yake inajikunja labda nusu mita na safari imeisha. Katika nusu mita hiyo, mtoto wa kilo 10 anavutika mbele kwa kani ya kilo 200. Hakuna mama, hata awe analima mashamba ya viazi ya Isyonje peke yake, mwenye mikono ya kushika kilo 200. Mkanda unaweza. Kofia ya bodaboda nayo inafanya kazi kwa hesabu hiyo: sponji yake inakipa kichwa sentimita chache za kusimamia badala ya milimita. Abiria wa nyuma naye ana kichwa, jamani.

La mwisho ni lile ambalo watu hawapendi kulizungumza. Gari limeshakukimbia, pedali imezama, uko mlimani. Kwanza, breki za upepo hazipampiwi. Kila pampu unatupa upepo ambao hutaupata tena kwa haraka; kanyaga, shikilia, na ujaribu gia ya chini mara moja. Pili, hesabu sekunde. Kwenye mteremko ule wa mita 8 kwa kila 100, lori lisiloshikwa na kitu linaongeza kama kilomita 25 kwa saa kila sekunde 10. Ulianza na 30. Sekunde 20 baadaye uko 80, na kona inayofuata haikuombi ruhusa.

Wengi hutumia sekunde hizo kuomba breki zirudi, kwa sababu gari ni la mtu na mzigo ni wa mtu. Naelewa, bosi anaogopwa. Lakini kama upande wa ndani kuna ngema, ule ukuta wa udongo wa mlima, au kuna njia inayopanda, uamuzi wa kulilaza gari ubavu kwenye udongo unafanywa mapema au haufanywi. Ukiligusisha ngema ukiwa kwenye 40, umeanguka kutoka mita 6 ukiwa ndani ya chuma na mkanda umefungwa. Ukisubiri hadi 80 ni mita 25. Wamiliki wa magari walioko hapa, waambieni madereva wenu leo, mbele ya mashahidi, kwamba kwa lori lililokwaruzwa ubavu mlimani hawatakatwa mshahara.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Baba, shuka mezani taratibu. Naona mikono tayari. Tuanze na yule mwenye koti la bluu, halafu mwanafunzi mmoja wa kule nyuma.